Tofauti ya Nauli

Karatasi ina siku kumi na moja mlangoni pa friji,
imebanwa na sumaku ya duka la dawa.
Meli ndogo, vyumba sita, abiria kumi na wawili,
siku nne: Tanga, Pemba, Unguja, kurudi.
Shuka nyeupe. Mpishi wake yenyewe. Kila chumba na dirisha.
Bei ya mtu mmoja
nimeisoma mara mbili, nikidhani sifuri moja
ni inzi.

Ile kubwa, ya magunia na matenga ya kuku,
ni elfu thelathini na tano, na benchi,
na mtoto wa mtu kukutapikia kiatuni bure.

Nimepiga hesabu, mimi, mpishi mstaafu wa Bombo,
niliyelisha wodi nne kwa sufuria tatu:
tofauti ya nauli, kwa watu wawili,
ni bati za chumba cha uani pamoja na misumari;
ni ada ya Semeni, mwaka mzima;
ni goti langu la kushoto, kwa yule daktari wa Chumbageni
asemaye "tutaona", kisha hatuoni.
Na ingebaki chenji ya samli.

Nikamwambia: Singano, bahari ni ileile.
Maji hayajui nani kalipa nini.
Akasema: kweli.
Akaendelea kumenya chungwa la Muheza
kwa ganda moja refu lisilokatika,
kama mtu mwenye nafasi.

Miaka thelathini na minne bandarini,
karani wa kuhesabu mizigo ya wengine:
katani, buni, saruji, mashine zenye majina marefu.
Mara moja tu alipanda, tulipokwenda Wete
kumzika dada yake aliyeolewa kule.
Alisimama njia nzima amenishikia ndoo nitapikie,
na tuliporudi hakukumbuka bahari ilikuwa rangi gani.
Nami sikumbuki. Nakumbuka ndoo.
Ilikuwa ya kijani, ina ufa.

Jana nimeigeuza karatasi nione kama kuna punguzo la wazee.
Halipo.
Kuna mwandiko wake, ule wa stoo, wima, usiofutwa:

    Nilihesabia meli, nimesimama gatini,
    zote zikaenda mbali, nikarudi Ngamiani;
    sasa sitafuti mali, wala sifa za jirani,
    nataka nilale chali, nami niwe orodhani.

Na chini ya ubeti, kwa kalamu nyingine,
siku nyingine pengine:
Bati, ishirini na nane.
Ada ya Semeni.
Goti la Mwanakheri.
Goti kalipigia mstari. Mara mbili.

Kumbe tulikuwa tunajumlisha wote wawili,
kila mmoja kwa siri, kila mmoja
akijikata yeye kwanza.

Leo, alipokwenda kusali, nimepiga simu ile ofisi.
Binti mwenye sauti ya maji ya baridi akauliza
tunasherehekea nini, bibi, ndoa, kustaafu?
Nikasema: ndoo.
Akanyamaza kidogo, akaandika kitu.
Nikauliza kuhusu chumba kisicho na dirisha.
Hakuna.
Nikauliza: na mtu akienda peke yake?
Anayelala peke yake chumba cha wawili
hulipa ya mtu na nusu.
Nusu ya nani? nikauliza. Akacheka. Mimi sikucheka;
miaka arobaini na moja nalala kwenye hiyo nusu,
najua thamani yake.

Haya, nikasema, andika jina.
Nikamtajia herufi moja moja, polepole,
kama ninayepanga vikombe vya wageni:
S, I, N, G, A, N, O.
Nikamsikia akigonga kila moja.

Na wa pili?

Nikatazama uani, pale mvua ilipochora ramani ukutani.
Nikalikunja goti, nikalikunjua. Likalia.
Subiri, mwanangu, nikasema,
maharage yanaungua.

Hayakuwa yanaungua.