Hesabu ya Njiti

Umeme ulikatika Keko Machungwa saa moja usiku,
nikapapasa kiberiti juu ya kabati:
kitupu. Na nilikinunua Jumapili.
Ubavuni kimeandikwa kwa wino mwekundu
WASTANI NJITI 50.

"Wanatuibia," nikasema gizani.
"Labda," akajibu Sikudhani,
binti wa kaka yangu, asomaye takwimu mwaka wa pili,
ambaye jina lake lenyewe linamkataza kudhani.
"Kiberiti kimoja, shangazi, ni uvumi."

Kesho yake tukatoka na kikapu.
Viwili Buguruni, vitatu Tabata,
kimoja kwa Mangi Kiwelu hapo kona,
vingine Sinza, Kigogo, Mtoni, Mbagala Rangi Tatu,
maana ukichota mahali pamoja tu
utaujua mdomo wa gunia, tumbo hulijui.
Thelathini na sita.
Tukavimimina mkekani.

Nimehesabu noti za watu miaka ishirini na saba
nyuma ya kioo cha benki;
vidole havijasahau.
Moja moja, kumi kumi,
na iliyoviringika mvunguni nikaiinamia,
methali ikinicheka mgongoni.
Zisizo na kichwa je?
"Zihesabu," akasema. "Mshtakiwa apewe faida ya shaka."

Ndipo nilipoelewa anavyofikiri.
Haanzi na mwizi.
Huisimamisha kampuni kizimbani
ikiwa imevaa kanzu nyeupe, imenyooshwa pasi,
halafu huuliza:
tuseme ni hamsini kweli,
bahati peke yake ingetutupa mara ngapi
mbali hivi na hamsini, juu ama chini?

Wastani wetu, arobaini na nane nukta sita.
Mtawanyiko, tatu.
Akagawa kwa sita, kipeuo cha thelathini na sita,
akakokotoa nyuma ya risiti ya luku
mpaka nafasi ikamwishia, akahamia kiganjani.
Mara nane katika elfu.
"Hapo naacha kuisadiki hamsini yao."
Hakusema wanaiba.
Nilisubiri aseme.

Kisha akachora mstari, akaupigilia vigingi viwili:
arobaini na saba nukta sita,
arobaini na tisa nukta sita.
"Kwa hiyo ukweli tumeufungia humu?"
"Tumejenga zizi, shangazi.
Ukijenga mazizi mia kwa namna hii,
tisini na tano hivi yatakuwa na ng'ombe ndani.
Hili letu sijui ni lipi."

Miaka ishirini na saba
niliwaambia wateja "hakika", "bila shaka", "kesho",
na sikuwahi kumpa mtu yeyote
jibu lenye mipaka iliyoandikwa.

Njiti moja na kitu kwa kiberiti.
Nani atagombana kwa njiti moja na kitu?
Lakini haba na haba inayojaza kibaba
ndiyo hiyo hiyo inayokitoboa,
na mji huu ukikatiwa umeme
huwasha vibatari vingi kwa usiku mmoja.

Tulipomweleza Mangi Kiwelu alikunja uso.
"Mnasema nauza uongo?"
"Si wewe. Ni maandishi ya ubavuni."
"Cha kwangu kilikuwa na ngapi?"
Sikudhani akafungua daftari, akapitisha kidole.
"Hamsini na mbili."

Mangi akapiga meza, mizani ikaruka.
"Basi mimi ndiye ninayewadai!"

Nilidhani angemfafanulia
kwamba wastani si kiapo cha kila kisanduku,
kwamba mmoja anaweza kuzidi na wote wakapunja.
Hakufafanua.
Akatoa kiberiti mfukoni, akachomoa njiti mbili,
akazilaza mbele yake, sambamba, kwa adabu.

Moja haikuwa na kichwa.