Nani Ataamka Kwanza

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Livingstone, juu ya duka la vitenge,
Mkude ameandika ubaoni majina ya seva tatu
kama wagombea uenyekiti wa mtaa.

Ya kwanza kubwa, leseni yake hulipwa kwa dola,
na kabla haijagusa kazi yoyote
imekwisha kukalia nusu ya kumbukumbu ya mashine,
mgeni anayeuliza kitanda kabla ya salamu.
Ya pili nyepesi, vijana wanaisifu,
lakini watu mia wakiuliza kwa pamoja, inababaika.
Ya tatu haina wa kuisifu.
Hupokea swali, hulipeleka, hurudi na jibu.

Mtambo wetu ni wa kutafuta vipuri:
fundi wa Gerezani aandike *bushi ya springi, Noah ya zamani*,
aambiwe duka, bei, na kama kweli ipo.
Na uelewe Kiswahili.
Wanaouza, aliyeuza, zimeuzwa, kauza:
ulimenye neno kama muuza machungwa wa Mnazi Mmoja,
ganda moja refu lisilokatika,
mpaka mkononi ibaki *uza*.
Kumenya huko kunachemsha mashine.

Tumebishana tangu asubuhi.
Siwema ameng'ang'ania ya kwanza. "Rahisi huwa ghali."
Mkude: "Dola kila mwezi? Bandu bandu huisha gogo."
Mimi nahesabu milisekunde, sisemi.

Saa kumi na dakika tano, luku ikaisha.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama,
na joto likatoka lilikokuwa limejificha.
Siwema akanunua yuniti kwa simu,
akasoma tarakimu ishirini kwa sauti, nami ngazini nikibonyeza,
nikakosea ya kumi na saba, tukaanza upya.

Umeme uliporudi hatukuambiana kitu,
ila sote tuligeukia kioo.
Ya tatu iliamka kwa sekunde tisa.
Ya pili ikafuata, ikipepesa.
Ya kwanza ilikuwa ikisoma mafaili yake, moja, moja.
Tukashuka kunywa chai. Tukapanda. Bado.

Atafutaye hachoki, walisema wahenga,
ambao hawakuwa na bando la mia tano
linaloisha saa sita usiku.

Mkude akafuta ubao kwa kiganja.
Likabaki jina moja, nusu limefifia.
Nikaandika swali la kwanza: *bushi ya springi*.
Jibu: *Hakuna.*
Tulikuwa tumesahau kuingiza maduka.

"Lakini limekuja haraka," akasema Siwema,
ambaye hakuitaka.