Ujumbe wa Mwinyikai

Jumatatu, saa nne, ofisi ya ardhi, Tanga.
Feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa.
Bi Mwanatumu Pashua anafungua pindo la kanga,
ndani ya pindo mfuko wa nailoni,
ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nane
hata ikachoka kwenye mikunjo.
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.
Nilisoma chuoni, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kwa fimbo kuliko kwa wino. Nikaisoma polepole:

shamba la minazi themanini na miwili,
kusini mkwaju wa Mwanashee,
kaskazini mkondo wa maji ya chumvi,
katika ujumbe wa Mwinyikai.

Hapo nikakwama.
Fomu yangu inajua mkoa, wilaya, kata, mtaa.
Ujumbe upo, pembeni,
lakini umechorewa bahasha.

"Ujumbe gani huu, bibi? Aliandikiwa nani?"
"Haukuandikwa," akasema. "Ulikuwa unatembewa.
Unatoka alfajiri na makubadhi mapya,
jua likikufika utosini
bado umo ndani yake."

Usiku neno likanikaa kooni kama mwiba wa changu.
Mwalimu wetu wa darasa la sita alisema
jumbe katoka kwenye jumba, mwenye nyumba kubwa.
Tukaandika. Akatupa vema.
Sasa siamini. Mwinyikai, kwa alivyosimulia bibi,
alilala chini ya makuti yanayovuja
na siwa aliitundika juu ya kitanda ili isilowe.

Nikayapanga mezani kama karata:
jumbe, anayetawala.
Mjumbe, anayetumwa.
Kati yao pana mfumbo mmoja tu wa midomo.

Labda mtu alitumwa huku, afikishe neno arudi,
akakuta kisima kitamu, akaoa, akamsahau aliyemtuma,
na lile neno alilolibeba
akalitandaza chini, akalipima kwa hatua,
akasema: langu, mpaka kwenye mikoko.
Au ni kinyume. Labda nchi ndiyo iliyomtuma yeye,
na kilemba na mwavuli
vilikuwa nauli tu.
Sijui. Kamusi inanipa maana ya neno,
hainitajii babaye.

Ninachojua ni namna ulivyopungua.
Akaja liwali na barua yenye muhuri.
Akaja Mdachi, jumbe akawa wa kuhesabu vichwa vya kodi,
na vichwa vikajifunza kulala porini.
Baadaye zikabaki nyumba kumi na mjumbe wake,
anayejua nani kapokea mgeni na nani kapika gongo.
Leo ujumbe ni herufi mia na sitini.
Ukizidi, unalipia mara mbili.

Alhamisi bibi akarudi.
Nilimwagiza barua ya utambulisho kutoka kwa mjumbe wake.
Akaiweka mezani, wino wa muhuri bado mbichi:
*Namtambua Mwanatumu Pashua, ni mkazi wangu.*
Chini, sahihi: Mwanatumu Pashua, mjumbe.
"Umejitambua mwenyewe?"
"Unamjua mwingine aliyebaki?"

Kwenye kata nikaandika kata. Kwenye mtaa, mtaa.
Kwenye Maelezo Mengineyo,
kisanduku ambacho hakina msomaji tangu kiumbwe,
nikaandika kwa ukamilifu: Ujumbe wa Mwinyikai.
Mashine ikampigia Mwinyikai mstari mwekundu.
Ujumbe ikauacha,
ikidhani inaujua.

Nikabonyeza. Simu ya bibi ikalia kwenye pindo la kanga.
Akanipa nimsomee, miwani kaiacha nyumbani:
*Ndugu mteja, ujumbe wako umepokelewa.*
Akanitazama.
"Wote?" akauliza. "Pamoja na minazi?"