Malaika ya Jani

Mama, mzaliwa wa Wete, alinifunza sarufi kwa makofi:
malaika "wa" mbinguni, malaika "ya" mkono.
"Ukichanganya," alisema, "utamsugua Jibrili mafuta ya nazi."
Leo, Saham, nje nyuzi arobaini na sita,
ndani ya kitalu feni zinakoroma kama ngamia mwenye mafua,
nimeinamia jani la nyanya, lenzi jichoni,
na sijui niseme "wa" au "ya".

Yanang'aa, mama.
Kila laika limebeba kitone kichwani,
duara, rangi ya asali changa,
na jani zima ni uwanja wa taa usiku wa maulidi.

Jumatatu Mofizul alishuka na sanduku la barafu kutoka uwanja wa ndege,
ndani chupa nane za pumba.
Ukiitikisa chupa huoni kitu.
Ukingoja, pumba inaanza kutembea.
Utitiri mla utitiri:
miguu minane, mwili kama tone la chai ya rangi,
mdogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii.
Hana macho. Anawinda kwa kunusa na kupapasa.
Anayemtafuta ni mwekundu, mfuma utando,
mnyonya jani mpaka likawa kama limenyunyiziwa unga wa muhogo.

"Askari," ndivyo anavyowaita Bwana Azzan,
mwenye shamba, mwenye shaka,
mwenye pipa la dawa nyuma ya stoo na funguo kiunoni.
"Nimelipa riali. Nionyeshe vita."

Nimwonyeshe nini?
Huyu hapa: mguu wa tatu umenasa.
Auvuta, wa nne wanasa.
Ageuka, na tumbo lenyewe lashikwa.
Hatua kumi mbele yake adui anasuka bila haraka,
mwenyeji, anavijua vichochoro.
Nilihesabu safu ya kwanza: mia moja na tisa wamekauka
wakiwa wamesimama, kama wanaosali.

Nyanya hana kosa.
Amepaka gundi mlangoni kwa sababu ya wezi,
na gundi haiulizi jina.

Mofizul akanivuta shati. Haongei Kiswahili,
mimi Kibangla sikijui, na Kiarabu chetu sote kimevunjika
mahali tofauti. Akanyoosha kidole: safu ya tano, pilipili hoho.
Jani laini, limenyolewa
kama kichwa cha mtoto siku ya akika.
Akaligeuza.
Pale mshipa mdogo unapoachana na mkubwa,
kwapani mwa jani, wembe haukufika:
kishungi cha vinyweleo vikavu, visivyo na gundi,
kama ushungi ulioning'inizwa mlangoni.
Nikasogeza lenzi.
Majike watatu. Mayai saba, ya kioo.
Mtoto mmoja mwenye miguu sita, hajapata mingine.

Nikamwita Bwana Azzan. Akavua miwani, akavaa, akavua.
"Wamelala?"
"Wamehamia."
Akaguna. Funguo zikalia kiunoni, kisha zikanyamaza.

Kuhusu nyanya sikumwahidi.
Nilisema labda tulete waliolelewa juu ya nyanya,
vizazi na vizazi, waliojifunza kukanyaga.
Nilisema labda tupande hoho katikati ya safu, iwe kituo.
Nilisema labda mara nyingi, na jasho likanichuruzika mgongoni,
na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kijani kwa utomvu,
vinanuka nyanya hata baada ya sabuni mara mbili.

Jioni, nikizima taa za banda la mwisho,
nikahisi kitu mkononi. Si kuwashwa. Kidogo kuliko kuwashwa.
Chembe ya chai ya rangi
inapanda kutoka kifundo kwenda kiwiko,
inakwama penye laika, inazunguka, inakwama penye lingine,
inapapasa.

Malaika yakanisimama, na mambo yakawa mabaya zaidi kwake.

Nikaushusha mkono taratibu
mpaka ukagusa jani la hoho,
nikakaa hivyo, nimeinama, mgongo unauma,
Mofizul ameshika mlango wazi na joto linaingia,
nikingoja aamue.