Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Weka sindano pale, Delphine, penye mkwaruzo.
Usiifute santuri kwa pindo la gauni, ipulize tu.
Sasa sikiliza: ngoma, besi,
tarumbeta tatu zinazozozana kama mawifi,
kisha Rozetta anaingia, na Imelda, na Vonciel,
sauti tatu, pumzi moja.
Cleveland, Februari. Nje theluji ya magotini,
ndani watu wanajipepea kwa tiketi.

Hapo.
Umesikia? Zimebaki mbili.
Moja imekatika kama uzi,
halafu ukumbi mzima unacheka,
kicheko kirefu ambacho jalada halikieleza.
Jalada limemtaja mpiga kinanda,
fundi mitambo, mwenye ukumbi, hata msusi.
Mimi simo.

Nilikuwa nyuma ya pazia, pini nane mdomoni.
Lile gauni la kijani nililishona usiku tano,
kila nikitoka zamu ya kiwandani,
shanga elfu moja na mia mbili, nilizihesabu.
Nikamwambia Vonciel: usile kitu,
zipu hii haina msamaha.
Akala.
Alipovuta pumzi ya kuipanda ile noti ya juu,
zipu ikaachia, shingoni hadi kiunoni.

Sikufikiri. Nilitoka na soksi,
mbele ya watu elfu mbili,
nikamkumbatia mgongo kama mtu afungaye mlango wa tufani,
nikachoma pini, ya kwanza, ya pili...
Naye hakugeuka, Mungu amrehemu.
Alinyamaza mapigo manne,
kisha akaitafuta noti ile upya, kutoka chini zaidi,
mahali ambapo zipu haifiki.

Wajuzi wameandika: uchungu wa mapenzi.
Ilikuwa pini ya tano.
Mkono wangu ulitetemeka, ikamchoma.

Rozetta aliolewa Toledo, akaacha kuimba.
Imelda hasikii tena; huweka kiganja juu ya spika
ajue wenzake wamefika wapi.
Vonciel tulimzika Machi iliyopita.
Gauni nilimshonea mimi.
La vifungo.

Rudisha kidogo, mjukuu wangu.
Kabla ya makofi kuna kitu kinadondoka jukwaani, ti,
kidogo sana, usipumue:
pini.

Ndiyo mimi hiyo.
Rudisha.