Hodi

Programu ya Faki iliingia kituoni saa nne na nusu,
msimu umepamba moto, foleni imefika barabarani.
"Inapiga hesabu ya pishi," alisema, "upesi kuliko ile yenu."
Miaka kumi na tisa. Kalamu sikioni, kama fundi.

Nikamwambia: haya, iweke.

Haikuchukua dakika mbili.
Ilianza kuhesabu, ikasahau kuacha.
Kwa kila gunia iliomba mahali papya, pa zamani isiparudishe,
kama mgeni anayeomba kikombe kingine
na alivyokwisha kunywea anavificha uvunguni.
Feni ya mashine ikapandisha sauti.
Kisha, imeshiba na bado ina njaa,
ikanyoosha mkono kwenye jamvi la mwenzake.

Nyinyi mnaoanika karafuu Wete mnajua:
jua ni moja, barabara ni moja,
majamvi yamelala ubavu kwa ubavu
na hakuna aliyewahi kuona ukuta.
Lakini konzi moja ihame jamvi,
mtaa mzima utasikia.

Mle ndani ya mashine yumo anayesikia.
Sisi tunamwita kiini. Hana sura.
Nyumba yake kaijenga kama zetu za zamani:
baraza nje, kaa upendavyo,
haulizi ukoo, haulizi shule uliyosoma;
ila kizingiti hukivuki.
Ukitaka maji, piga hodi.
Ukitaka faili, piga hodi,
uletewe papo hapo ulipoketi.
Na saa yake haisinzii: mara mia kwa sekunde
aliyeshika zamu humgusa bega, "Mwenzio naye."
Kitanzi cha Faki kilizunguka, kikaguswa, kikangoja, kikazunguka,
na upande wa pili mizani ikaendelea kusoma
gunia la mjane wa Mtambwe,
kilo arobaini na moja na robo.

Mkono ulipogusa jamvi si lake
hapakuwa na kelele.
Programu ilitolewa. Ilivyokopa vikarudi, hadi kikombe cha mwisho.
Katika daftari la mashine, mstari mmoja:
saa, namba, sababu.
Hakuna tusi.

Faki akanitazama kama aliyevunja sahani ya kuazima.
"Nimeiharibu?"

Sikumjibu upesi. Niliiona mashine nyingine,
ile ya rangi ya maziwa yaliyochacha,
nyumba ya chumba kimoja isiyo mlango,
na mimi wa umri wake nimekosea namba moja, moja tu,
programu yangu ikaandika juu ya kila ilichokikuta.
Wachumaji mia tatu walifutika kabla ya adhuhuri.
Bi Time Asaa alikuja na kikaratasi kilicholowa jasho,
akakinyoosha mezani kwa kiganja:
"Basi nisomee hichi, mwanangu, kama mtambo wako umenisahau."
Wiki tatu tuliandika upya kwa mkono.
Hakuna aliyenifukuza. Bora wangenifukuza.

Bwana Khatib, meneja wetu, alisema juzi
wanafunzi wasiguse mashine
mpaka waandike programu isiyo na kosa.
Nikamwuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuandika moja.
Kiini hamwamini mtu, ndiyo maana humpokea kila mtu.
Mimi huamini kwanza,
kisha nafunga mlango kwa hasira.

"Hujaharibu," nilimwambia Faki. "Haikukumbuki hata jina.
Kaa. Mstari wa kumi na nne: unaomba, hurudishi."

Akaketi. Akafuta, akaandika,
akaiweka, ikatolewa tena, mara hii kwa kosa jipya,
akacheka.
Mara ya nne, jumla imo ncha ya ulimi,
umeme wa Wete ukakatika.
Feni ikanyamaza, mizani ikapofuka,
na foleni yote, hadi barabarani, ikasema "Aaa!"

Huyo hapigi hodi.
Nikatoa daftari la karatasi.
Faki akaishusha kalamu sikioni.