Dakika Kumi na Saba

Dostyk maana yake urafiki,
ila reli zake mbili hazijapata kuelewana:
ya kwetu pana, ya Wachina imebana,
tofauti ni kiganja changu kimoja,
na kwa kiganja hicho mimi nalipwa mshahara.

Behewa linaingia. Jeki nne zinalinyanyua
kama mtoto anayevuliwa viatu mlangoni,
magurudumu ya kule yanatoka, ya huku yanaingia,
bolti, breki, filimbi, haya, nenda.
Naandika limefika saa ngapi, limeondoka saa ngapi.
Kazi yangu ni lile pengo.

Astana wanataka saa sita kwa treni nzima.
Sisi saba. Upepo ukishuka kwenye mwanya wa milima
na changarawe mdomoni, hata kumi,
na hapo halaumiwi mtu.

Jumanne ile hata moshi ulipanda wima.
Behewa la thelathini na moja lilikuwa juu,
tumbo limejaa mashine za kufulia,
Toktarbay chini yake na spana, grisi hadi kwenye nyusi,
mara Kulyash wa jikoni huyo, mbio, bila koti:
Suyinshi! Suyinshi!
Ndivyo tusemavyo, maana kwetu habari njema
haitolewi bure.
Toktarbay akampa alichokuwa nacho, glavu zake.

Mjukuu. Kilo tatu na nusu.
Miaka kumi na miwili binti yake
akienda hospitali, akirudi mikono mitupu.

Peremende zikarushwa. Wanaume wazima
wakapiga magoti relini kuziokota.
Mwendesha jeki alilia, akasingizia grisi.
Behewa likaning'inia tu.

Fomu ina namba za sababu:
moja breki, mbili upepo, tatu forodha, nne mtambo.
Nilishuka nazo hadi tisa.
Tisa ni "mengineyo, fafanua."
Nikaandika mbili.

Alhamisi mkaguzi akapiga simu.
"Bi Raushan, siku ile upepo ulikuwa sifuri."
"Huku," nikasema, "huvuma ghafla."
Nikasikia kalamu yake ikikwaruza,
na mwisho wa mwezi nikaiona posho yangu ilivyokwaruzwa.

Toktarbay alifungua bolti za barafu kwa mikono mitupu
hadi Ijumaa, stoo walipomkumbuka.
Niliandika na hiyo:
glavu, jozi moja,
zimetoka saa mbili na dakika tano.